Popo Watoke Kwanza, Panya Wafungiwe

Nyumba ya mabati yenye dari ya jipsamu ina chumba kimoja ambacho hakimo kwenye ramani: nafasi iliyo kati ya kenchi na dari. Kuna joto na giza, na paka hafiki. Katika nyumba ninayoichambua hapa, iliyoko Morogoro chini ya milima ya Uluguru, nafasi hiyo ilikaliwa na wanyama wa aina mbili. Panya wa paa walikimbizana usiku kucha juu ya vyumba vya kulala. Popo wadogo wanaokula wadudu walijibanza chini ya mabati upande wa magharibi, na mkojo wao ulikuwa umeshachora madoa ya kahawia kwenye dari ya sebule.

Mwenye nyumba alikuwa ameshaweka sumu. Alichopata ni uvundo, kisha panya wengine. Hilo halishangazi ukijua sumu yenyewe inavyofanya kazi. Sumu nyingi za panya za dukani huzuia damu kuganda. Ni ukoo ulioanza na warfarin, iliyosajiliwa Marekani kama sumu ya panya mwaka 1948. Huua taratibu, kwa siku kadhaa, na ndiyo nguvu yake, kwa kuwa panya huogopa kitu kipya na akiumwa mara tu baada ya kuonja chakula hatakigusa tena. Lakini siku hizo ndizo zinazompa muda wa kwenda kufia mahali pasipofikika. Zile za kizazi cha pili, kama brodifacoum, hubaki kwenye ini la panya kwa muda mrefu, na bundi anayemla huyo panya hulishwa sumu pamoja naye. Kumuua bundi ili kupunguza panya ni hasara tupu, na nilifurahi fundi aliyeitwa kuwaondoa wanyama hao alipoikataa sumu tangu mwanzo.

Kazi yake ya kwanza haikumgusa mnyama yeyote. Adhuhuri, jua likiwa kali, alipanda darini, akazima tochi, akasubiri macho yazoee giza. Kila palipopenya mwanga alipatia alama ya chaki. Panya mkubwa hupita kwenye tundu la sentimita mbili hivi, na mchanga kwenye dogo zaidi. Popo wa aina ile hutosheka na ufa wa sentimita moja na ushei. Mwanga mwingi ulitoka pale mabati yanapokalia ukuta. Chini ya kila mgongo wa bati hubaki upenyo, na wajenzi wengi wa paa huuacha hivyohivyo kwa sababu hauvujishi mvua.

Halafu akatenganisha njia za wageni hao wawili. Panya hupita palepale kila siku, na mwili wake huacha mstari mweusi wa mafuta kwenye mbao. Kinyesi chake ni kigumu. Cha popo hukaribiana nacho kwa umbo, lakini ukikifinya ukiwa umevaa glavu hupukutika kuwa unga, kwa kuwa ni maganda na mabawa ya wadudu. Magharibi ilipoingia, alikaa nje akitazama popo wanakotokea. Popo hawa hujiangusha kutoka juu ndipo wapate kuruka, kwa hiyo mlango wao huwa juu, na chini yake hapana kizuizi. Hapa ulikuwa kwenye pembe ya paa.

Uamuzi uliofuata ndio ulioniridhisha zaidi. Popo hatafuni. Ukimzibia akiwa nje, hawezi kufungua. Ukimzibia akiwa ndani, atafia humo au atashukia chumbani kupitia tundu la taa. Panya ni kinyume chake. Ukimwachia njia ya kutoka, ataitumia pia kurudi, na mitego yako itashindana na jalala la jirani. Kwa hiyo popo hutolewa kwanza, ndipo panya hufungiwa ndani na mitego, bila chakula kingine.

Hata hivyo popo hawatolewi wakati wowote. Vichanga vyao hukaa darini kwa wiki kadhaa bila kuweza kuruka, na mama akizuiwa kurudi hufa vyote. Fundi alisubiri mpaka akahakikisha kwa tochi kwamba hakuna kichanga kilichobaki. Kisha akaziba nyufa zote za upande ule isipokuwa mlango wao, na hapo akafunga kipande kifupi cha bomba la plastiki la inchi mbili, kimeinamia chini na mdomo wake unaning'inia hewani. Popo huteleza na kutoka. Akirudi, hunusa mlango, hutua ukutani, lakini kupanda plastiki laini hawezi. Bomba lilikaa wiki moja, likaondolewa, tundu likazibwa. Angeweza kutumia wavu wa plastiki, kama wafanyavyo wengi, lakini kwenye nyumba yenye panya wavu hautadumu.

Kwa panya, migongo ya mabati ilizibwa kwa wavu wa chuma wenye matundu ya milimita sita, na mashimo ya ukutani kwa nyaya za kusugulia masufuria zilizoshindiliwa kisha kufunikwa kwa saruji. Povu la kunyunyizia peke yake panya hulitafuna. Tawi la mwembe lililoegemea paa lilikatwa likabaki mbali mita mbili, kwa kuwa panya huyu huruka zaidi ya mita moja. Mitego ya kubana ilifungwa juu ya mbao palipo na mistari ya mafuta, ikawekwa dagaa na karanga bila kutegwa kwa siku chache. Panya walipozoea kula, yote ilitegwa usiku mmoja.

Usafi ndio unaofanywa ovyo mara nyingi. Ufagio mkavu hurusha vumbi la kinyesi, na la popo linaweza kubeba ukungu unaoshambulia mapafu. Fundi alivaa barakoa na glavu, akalowanisha kila kitu kwa maji yenye dawa ya klorini, akangoja, ndipo akazoa. Tahadhari hiyo ina sababu. Julai 2022 Wizara ya Afya ilitangaza kuwa ugonjwa uliozuka Ruangwa, mkoani Lindi, ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo. Na popo wa jamii hii waliochunguzwa vilima vya Taita nchini Kenya mwaka 2018 walikutwa na kirusi cha Bombali, ndugu wa Ebola. Hakijaonekana kumuuguza mtu, lakini kinatosha kutuzuia kuwashika kwa mikono mitupu au kuwapiga fimbo humo darini.

Anayejenga sasa hana haja ya kupitia haya yote. Kabla dari haijapigwa, fundi akiwa bado juu ya ngazi, kila mgongo wa bati unaonekana na kufikika. Mwambie azibe kwa wavu wa chuma siku hiyohiyo, na umlipe kazi hiyo peke yake, la sivyo ataipita haraka. Dari ikishapigwa, kazi ileile hufanywa mtu akitambaa kifudifudi kwenye joto la mabati, juu ya jipsamu isiyohimili uzito wake.