Kibaba na Utenzi wa Vita

Msomaji, ukitwaa "Utenzi wa Vita vya Uhuru" wa Shaaban Robert, umetwaa kitabu cha beti zipatazo elfu tatu. Vita vyenyewe ni vile vya 1939 hata 1945. Utenzi ulichapishwa mwaka 1967, mtungaji akiwa amekwisha fariki tangu 1962. Lugha yake ni safi, na pumzi yake ni ndefu kama safari ya jahazi. Sifa hizo simnyimi. Neno langu ni juu ya macho yake, ambayo aghalabu huandama majeshi, wala hayashuki mekoni.

Wewe uliye Mtopanga, bara ya Kisauni, una haki ya kuuliza: Burma ilipoanguka, chungu cha pwani kilipata nini? Kilipata pengo. Japani iliitwaa Burma mwaka 1942, na mchele wa huko, uliokuwa ukiletwa pwani kwa meli, ukakatika. Mwaka ule ule mvua za vuli zilikosekana sehemu nyingi za Kenya. 1943 nafaka ikawa ya kugawiwa kwa kipimo, na serikali ikaunda tume kuchunguza upungufu wa chakula. Kilindini nako kulijaa manowari za Kiingereza zilizohamia kutoka Ceylon. Vinywa viliongezeka, vibaba vikapungua. Kisha, mwaka 1944, askari wa Keya wakapelekwa Burma hiyo hiyo kupigana. Ni mshairi gani asiyetamani kisa kama hicho?

Muhogo nao haukungoja meli. Hukaa ardhini hata siku ya kung'olewa, nao hustahimili ukame kuliko mahindi. Ni chakula kinachodharauliwa siku za shibe, na kwa hiyo hakitungiwi tenzi.

Lakini lililo zito zaidi lilitokea Unguja, ng'ambo ya bahari yetu, ambako mgao wa wakati wa vita ulifuata kabila la mtu. Mwarabu na Mhindi walipendelewa kwa mchele. Mwafrika akapewa unga wa mahindi. Tafakari maana yake katika kisiwa ambacho watu wameoana vizazi vingi. Mtu aliyekuwa akila wali kwa mjomba wake sasa aliulizwa kwanza: wewe ni nani? Karani alipoandika jibu, aliandika pia chakula cha usiku cha watoto.

Mtungaji aliviita vita hivyo vya uhuru, nami sibishani naye kuhusu ubaya wa Hitler. Ila jina kubwa namna hiyo lilihitaji kupimwa kwa kibaba pia, maana kibaba ndicho kilichoingia katika kila nyumba. Ningetoa kwa furaha beti ishirini za mizinga nipewe moja ya mwanamke aliyesimama mbele ya karani yule, kapu mkononi, akichagua kabila la kutaja.