Fundi wa Adungu

Adungu, kinubi chetu, huanzia kwenye gogo. Fundi hulichimba kwa tezo kama achongaye mtumbwi, akipunguza ndani taratibu mpaka kuta ziwe nyembamba za kutosha kuitikia. Akizidisha, mti hupasuka. Akibakiza unene, chombo kinakuwa bubu. Marehemu rafiki yangu hakuwa na kipimo. Aligonga kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akakwangua tena pale sauti ilipokuwa nzito.

Tulikua pamoja Arua, Uganda. Mwaka 1980, vita vilivyofuata kuanguka kwa Idi Amin vilipotutoa makwetu, tulivuka mpaka na maelfu ya wenzetu tukaingia Zaire. Huko ndiko alikojifunza, kwa mzee mmoja wa Kialur, maana Waalur ndio wenye adungu. Kazi aliyoanza nayo ilikuwa kuloweka ngozi ya ng'ombe. Sisi wengine tuliikimbia harufu ile. Yeye alibaki.

Na ngozi ndiyo yenye kazi. Huvutwa ikiwa mbichi juu ya gogo, ikashonwa kwa kamba za ngozi, kisha huachwa ikauke na kujikaza yenyewe. Katikati hupita ufito wa kushikilia nyuzi, nazo hupanda hadi kwenye shingo iliyopinda, penye vigingi. Siku hizi nyuzi nyingi ni mshipi wa nailoni, ule ule wa wavuvi. Adungu huchongwa ndogo, za wastani na kubwa za besi, zikaitikiana kwenye kwaya za makanisa yetu, na kwa sikio langu hakuna kinanda cha umeme kinachozifikia.

Rafiki yangu hakumkabidhi mtu adungu siku aliyoimaliza. Kila asubuhi alikaza vigingi upya, akapiga uzi mmoja mmoja, akaiweka chini. Mteja mwenye haraka aliambiwa kwa upole, "Ndugu yangu, ngozi bado inahama." Wapo waliokasirika wakaenda kwingine. Hakuwahi kubadili mwendo kwa ajili yao, hata miezi ile nyumbani kwake palipokuwa na shida. Nilimpenda kwa mengi, ila kwa hilo nilimheshimu.

Mwaka 2016 UNESCO iliuingiza muziki wa o'di, kinubi cha majirani zetu Wamadi, katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Adungu haijafika huko. Wapigaji wapo, vijana kwa wazee. Wasiwasi wangu ni juu ya wachongaji. Rafiki yangu amekufa bila mwanafunzi, si kwa uchoyo, bali kwa sababu hakuna kijana aliyeweza kukaa miaka bila kipato akijifunza kusikiliza gogo.

Basi ninyi wa kwaya za Arua na Koboko, mkienda kununua adungu, mwulizeni fundi kama ana mwanafunzi. Kama hana, changeni mumlipie kijana mmoja posho akae naye.