Pingili Tatu au Nne? Hesabu ya Shingo ya Triceratops

Fuvu la dinosaria Triceratops aliyekomaa lilikuwa na urefu wa takribani mita 2.5, pembe tatu usoni na ngao ya mfupa iliyofunika kisogo. Mzigo huo wote ulishikizwa na kifundo kimoja cha mviringo nyuma ya fuvu, kilichoingia ndani ya kikombe kirefu mwanzoni mwa shingo. Kuanzia kwenye kikombe hicho, pingili za kwanza za shingo zimeungana kuwa gogo moja la mfupa.

Gogo hilo lina pingili ngapi? Kwa miaka mingi wataalamu wa visukuku walitofautiana: tatu au nne.

Pingili zikiungana, mipaka yake hufutika, lakini alama nyingine hubaki. Mishipa ya fahamu hutokea katikati ya pingili na pingili, kwa hiyo matundu yake huonekana ubavuni. Miiba ya juu nayo huhesabika, pamoja na sehemu zilizopachikwa mbavu. Kwa wanyama wachanga, mishono huwa bado haijazibika. Mtego uko mbele kabisa: pingili ya kwanza ya reptilia, atlasi, huundwa na vipande kadhaa, na kimojawapo hushikamana na pingili ya pili. Anayekihesabu kipande kama pingili kamili hujikuta na moja ya ziada.

Mwaka 2006, watafiti Nicolás Campione na Robert Holmes waliipitia anatomia hiyo upya. Jibu lao: tatu.

Maelezo yaliyozoeleka yalikuwa kwamba shingo iliungana ili ihimili kichwa kizito na mapigano ya pembe. Mwaka 2015, Collin VanBuren, Campione na David Evans waliyapima madai hayo kwa kulinganisha spishi nyingi kwenye mti wa ukoo wa Triceratops. Mfuatano wa matukio uliyakataa. Protoceratops wa Mongolia, jamaa wa awali wa Triceratops, mwenye urefu wa mita 2 hivi na asiye na pembe, tayari alikuwa na pingili zilizoungana. Pembe kubwa na vichwa vya kutisha vilikuja baadaye, juu ya shingo iliyokwisha kuungana.

Wanyama wa leo nao hawafuati sababu moja. Hondohondo, mwenye mdomo mkubwa, ana pingili mbili za kwanza zilizoungana. Panya warukaji wa jangwani wana shingo zilizoungana pia, nao hawana pembe wala mdomo wa kubeba.