Daraja la Pontypridd na Matundu Yake

Wako watu wanaolisifu daraja la mawe la Pontypridd, katika nchi ya Wales, kwa wembamba wake. Wako na wanaolilaumu kwa kuwa kulipanda ni taabu. Sisi twaona wote wamesema kweli, ila hawakutazama hasa pale panapostahili kutazamwa, yaani matundu yaliyo mabegani mwake.

Mjenzi wake, William Edwards, aliyezaliwa mwaka 1719, alikuwa mwashi na mhubiri pia. Kazi alijifunza kwa kujenga kuta za mashambani na kwa kuyakagua magofu ya ngome ya Caerphilly. Mwaka 1746 aliagana kujenga daraja juu ya mto Taff kwa pauni 500, akaweka dhamana kwamba litasimama miaka 7. Akalijenga lenye matao matatu, na nguzo ndani ya maji. Baada ya miaka miwili na kitu mto ukafurika, ukaleta miti iliyong'oka. Ikakwama katika nguzo, maji yakajaa nyuma yake kama bwawa, na daraja likachukuliwa lote. Dhamana ikamdai.

Basi akakusudia tao moja tu, lisilo na nguzo ya kuuzuia mto: futi 140 toka ukingo hata ukingo. La kwanza la namna hiyo lilianguka lingali likijengwa. La pili lilikwisha, nalo likaanguka, maana mawe na udongo uliojazwa juu ya mabega ya tao ulikuwa mzito mno; ukakandamiza pande zote mbili, hata mawe ya kati, yaliyo membamba, yakafyatuka kwenda juu.

Mwingine angaliongeza mawe pale katikati. Edwards alipunguza mabegani: kila upande akapitisha matundu matatu ya mviringo, moja futi 9, moja futi 6, moja futi 3. Likakamilika mwaka 1756, nalo lingaliko. Mgeni hudhani matundu ni pambo, na kweli yapendeza. Lakini pasipo hayo tao lisingalisimama.

Walakini kosa lake hatulinyamazii. Tao limeinuka futi 35, na njia yapita juu ya mgongo wake. Farasi walihangaika kupandisha mzigo, na katika kushuka ilibidi gari lizuiwe kwa mnyororo. Mwenye gari zito alifaidiwa nini na uzuri ule? Edwards naye aliliona jambo hili, kwa kuwa madaraja aliyojenga baadaye hayakuinuka hivyo.

Mwaka 1857 likajengwa jingine, la Victoria, ubavuni kabisa mwa lile la kale. Lina njia iliyo sawa, na matao matatu, na nguzo zake zimesimama majini, pale pale alipopakimbia Edwards. Magari yalifaidiwa, macho yalipata hasara, maana upande mmoja tao la kale limezibwa. Ajaliwaye kufika na asimame upande wa pili, ayahesabu yale matundu.