Saa ya Kikombe cha Mwisho

Mgonjwa anapolazwa, nesi humwandikia joto, mapigo ya moyo, presha na kasi ya kupumua. Kwa mtu anywaye kila siku kuna kipimo kingine chenye uzito uleule, nacho hakihitaji mashine wala maabara: saa aliyokunywa mara ya mwisho. Wodi inayoijua saa hiyo inaweza kujua hatari itafika lini na kuisubiri ikiwa tayari. Wodi isiyoijua hushtukizwa katikati ya usiku, kisha huanza kubahatisha kati ya malaria iliyopanda kichwani, wazimu na mashetani.

Tuchukue mkulima wa pamba kutoka Lingeka, mkoani Simiyu. Ni mtu wa kutungwa, lakini kila aliyefanya kazi wodi ya wanaume atamtambua. Msimu wa mauzo umefunguliwa na fedha imeingia. Jumamosi amekunywa gongo hadi saa 2 usiku, akapanda bodaboda, ikaanguka, mfupa wa paja ukavunjika. Analazwa usiku huohuo. Jumapili saa 2 asubuhi, yaani saa 12 baada ya kikombe cha mwisho, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, mapigo ni 110. Zamu ya asubuhi inasema ni maumivu ya mguu. Jumatatu saa 10 alfajiri anapata kifafa, ingawa ndugu wanaapa hajawahi kuanguka kifafa maishani. Jumatatu saa 4 usiku anaanza kuweweseka: anaita ng'ombe zake, anafukuza siafu wasioonekana, anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani na mguu uliovunjika.

Hakuna lililotokea hapo nje ya ratiba. Kutetemeka, jasho, kichefuchefu na kukosa usingizi huanza kati ya saa 6 na 24 tangu pombe ikome. Kifafa, kikija, huja zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Maruweruwe yanaweza kuonekana mapema, wakati mgonjwa bado anajua alipo na anaongea na nani. Kuweweseka kwenyewe, pamoja na homa, presha kupanda na moyo kwenda mbio, hufika kati ya saa 48 na 96. Hiyo ndiyo hali ambayo daktari Thomas Sutton wa Uingereza aliiandikia kitabu mwaka 1813 na kuipa jina la delirium tremens. Bila matibabu huua. Ikitambuliwa na kutibiwa mapema, vifo hushuka chini ya 5 kwa kila wagonjwa 100.

Chanzo chake kipo kwenye ubongo. Pombe huongeza nguvu ya kemikali ya kutuliza iitwayo GABA na kuibana ya kuchangamsha iitwayo glutamati. Baada ya miezi na miaka ya kunyweshwa kila siku, ubongo hujirekebisha: hupunguza usikivu wake kwa kutuliza na kuongeza kuchangamka, ili mtu aweze kutembea na kulima akiwa na pombe mwilini. Ng'ombe waliozoea kuvuta mkokoteni mzito hutimka kamba ikikatika ghafla, na mwili huu nao hutimka pombe inapoondolewa kwa siku moja. Kwa hiyo anayezimua, yaani anayekunywa tena asubuhi ili mikono itulie, anajitibu arosto, yaani mateso ya kukosa pombe, na nesi anayesikia neno kuzimua ameshapata nusu ya taarifa anazohitaji.

Kwa muda mrefu madaktari walibishana kama tatizo ni sumu ya pombe, njaa au kukoma kwa pombe. Mwaka 1955 Harris Isbell na wenzake, huko Lexington, Kentucky, walichapisha matokeo ya wanaume 10 waliojitolea, waliowahi kuwa watumwa wa mofini, walionyweshwa pombe huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Waliokunywa kwa wiki chache walitetemeka kidogo tu walipoacha. Waliokunywa kwa siku 48 hadi 87 waliumwa sana, wengine kwa kifafa, wengine kwa kuweweseka. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingeruhusu jaribio hilo, na sidhani ingefaa kuliruhusu. Lakini lilithibitisha kwamba lishe nzuri peke yake haizuii hali hii, na kwamba kinachoileta ni kukoma.

Sasa turudi kitandani Jumamosi usiku. Swali lenyewe linaulizwaje? Gongo ni haramu, na mgonjwa anajua. Akiulizwa mbele ya wodi nzima, "Wewe ni mlevi?", atakana, na ndugu watakana naye. Nesi mwenye busara huvuta kiti, hushusha sauti na kusema: "Baba, sitaki kujua umenunua kwa nani. Nataka tu kujua ulikunywa mara ya mwisho saa ngapi, na kwa kawaida asubuhi unazimua?" Kisha anaongeza moja ambalo wengi husahau: "Uliwahi kuacha siku mbili tatu ukatetemeka au ukaanguka?" Aliyewahi kuanguka ana hatari kubwa ya kuanguka tena. Kama mzee anaelewa Kisukuma kuliko Kiswahili, aulizwe kwa Kisukuma. Na mke aulizwe pembeni, kwa heshima, maana mara nyingi ndiye anayejua kiasi cha kweli.

Baada ya swali huja kipimo. Mwaka 1989 watafiti wa Toronto, Kanada, walichapisha fomu fupi iitwayo CIWA-Ar. Ina vipengele 10: kichefuchefu, mtetemeko, jasho, wasiwasi, kutotulia, hisia za ajabu kwenye ngozi, sauti, maono, kuumwa kichwa, na kujua siku na mahali. Tisa hupewa alama 0 hadi 7, cha mwisho 0 hadi 4, jumla 67. Chini ya 8 hali ni nyepesi na huenda dawa isihitajike. Kuanzia 8 hadi 15 ni ya kati. Zaidi ya 15 hatari iko karibu. Aliyeizoea huimaliza kwa dakika chache.

Thamani ya fomu hii ilionekana Marekani mwaka 1994, Richard Saitz na wenzake walipogawa wagonjwa 101 makundi mawili. Kundi moja lilipewa dawa ya kutuliza kwa ratiba isiyobadilika. Jingine lilipewa dawa pale tu alama zilipopanda. Kundi la ratiba lilitibiwa kwa wastani wa kati wa saa 68 na kumeza miligramu 425 za klodiazepoksaidi. Kundi la alama lilitibiwa saa 9 na kumeza miligramu 100. Dawa ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni nesi aliyerudi kitandani, akatazama, akahesabu upya.

Lakini waliowahi kupata kifafa hawakuingizwa katika utafiti huo, na wagonjwa wake hawakuwa wamevunjika mapaja. Kwa mtu wetu wa Lingeka, aliyeanguka na bodaboda, fomu ina mipaka. Inategemea mgonjwa anayeweza kujibu. Kichwa kilichogongwa, homa ya uti wa mgongo, malaria kali na sukari kushuka vyote vinaweza kumchanganya mtu na kumpa alama za juu. Kwa hiyo kabla ya kusema "hii ni arosto", nesi anapima sukari ya kidole, anahakikisha kipimo cha malaria kimefanyika, anamulika mboni zote mbili za macho, anapapasa kichwa kutafuta uvimbe. Mboni moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, daktari anaitwa hapohapo.

Dawa anaiandika daktari au tabibu, lakini nesi ndiye anayeishika mkononi saa 9 usiku, hivyo lazima ajue kwa nini ni hii na si ile. Mwaka 1969 Kaim na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 537 wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani. Waliopewa klodiazepoksaidi, ndugu wa diazepamu, walipata kifafa kwa asilimia 1. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 7. Waliopewa klopromazini, asilimia 12. Klopromazini iko kwenye kabati za wodi nyingi, na mkono huielekea haraka mgonjwa anapopiga kelele. Ikitumika peke yake hapa, humnyamazisha mtu huku ikimsogeza karibu na kifafa. Fenitoini nayo haizuii kifafa cha arosto.

Diazepamu ndiyo tunayoipata. Mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2010, unaipendekeza kwa kawaida hadi miligramu 40 kwa siku, kwa siku 3 hadi 7. Inamezwa, au inapitishwa kwenye mshipa polepole. Sindano ya msuli haifai, kwa sababu dawa huingia kwenye damu bila mpangilio. Kabla ya kila dozi nesi anahesabu pumzi kwa dakika nzima. Mgonjwa akiwa amesinzia sana au pumzi zimepungua, dozi inasubiri na daktari anaarifiwa. Mwenye ini bovu, macho ya njano na tumbo lililojaa maji, huhitaji kiasi kidogo zaidi na jicho la karibu zaidi.

Kuna dawa nyingine isiyo na makeke ambayo ningeiweka mbele ya zote kwa urahisi wa kusahaulika: thayamini, yaani vitamini B1. Mnywaji wa muda mrefu hula kidogo, na utumbo wake hufyonza vibaya. Ubongo unaitumia vitamini hiyo kuchoma sukari. Ukimtundikia dripu ya glukosi bila thayamini, unamaliza akiba ndogo iliyobaki na unaweza kumsukuma kwenye ugonjwa alioueleza Carl Wernicke mwaka 1881: macho yanayochezacheza, mwendo wa kuyumba, akili kuchanganyika. Dalili hizo mara nyingi hazitokei zote tatu, kwa hiyo haifai kuzisubiri. Thayamini itangulie au iende pamoja na glukosi, isipokuwa sukari ikiwa imeshuka kwa hatari, ambapo glukosi haicheleweshwi hata kidogo.

Usiku ndio mtihani wenyewe. Nesi mmoja mwenye wodi iliyojaa hawezi kumpima mtu mmoja kila saa, na mwongozo unaojifanya anaweza haumsaidii. Anachoweza ni kumweka mgonjwa huyu kitanda cha karibu na meza yake, kumpima kila baada ya saa 2 katika saa 72 za kwanza alama zikiwa juu, na kumfundisha ndugu anayemuuguza dalili tatu za kumwita mara moja: anaona vitu visivyokuwepo, anataka kushuka kitandani, au mwili unakakamaa. Taa ibaki imewaka, kwa sababu kivuli cha chandarua kwa mtu huyu ni mnyama. Anywe maji kila anapoweza. Kila anayemkaribia ajitaje: "Baba, ni mimi nesi wa zamu, uko hospitali, leo ni Jumatatu usiku." Na asifungwe kwa mashuka. Mtu aliyefungwa hupambana, joto hupanda, moyo huchoka, na mwenye kifafa akiwa amefungwa anaweza kuumia vibaya au kupaliwa na matapishi.

Kufikia Jumatano au Alhamisi kwa kawaida akili hurudi, na mara nyingi mgonjwa hakumbuki lolote. Hapo ana aibu, yuko macho, na anasikiliza. Huko Moshi, katika hospitali ya KCMC, wauguzi na watafiti walitengeneza mazungumzo mafupi ya takriban dakika 15 kwa majeruhi wanaokunywa pombe, wakayaita Punguza Pombe Kwa Afya Yako. Yanaongozwa na nesi, kwa Kiswahili, bila kumhukumu mtu: unaona uhusiano gani kati ya pombe na kuumia kwako, ungependa kubadili nini, uko tayari kiasi gani. Mazungumzo ya namna hiyo yangekaa vizuri kando ya kitanda chochote cha Simiyu.

Kabla hajaruhusiwa, mke na mgonjwa waambiwe pamoja kwamba kuacha ghafla nyumbani, kwa kufungiwa chumbani au kwa kiapo, kunaweza kumwangusha tena. Kila arosto huwa na uwezekano wa kuwa kali kuliko iliyopita. Akiamua kuacha, aje kituo cha afya kwanza, siku hiyohiyo, akiwa na kadi yake. Na kwenye kadi hiyo nesi awe ameandika kwa wino, mahali ambapo zamu yoyote ya hospitali yoyote itaona: kifafa cha arosto ya pombe, saa 32 baada ya kinywaji cha mwisho.