Mkono Unaotetemeka: Mwanagenzi wa Bastola na Pengo Moja katika Riwaya ya Upelelezi

Wahakiki wa riwaya pendwa ya Kiswahili wamekwisha kulalamika vya kutosha juu ya mapenzi yake ya juujuu, wanawake wake waliochorwa kama mapambo, na sadfa zake zisizosadikika. Nia ya makala haya si kuyarudia malalamiko hayo. Tunataka kuuliza swali dogo zaidi, ambalo huenda likaonekana la kipuuzi kwa wenzetu wanaoshughulikia masuala mazito ya itikadi: mhusika wa riwaya hizi alijifunza wapi kupiga bastola? Ni nani aliyemfundisha? Na mara ya kwanza alipoikamata, je, mkono wake haukutetemeka?

Swali hili lilizaliwa darasani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, akiwasilisha makala ya semina kuhusu usawiri wa mauaji, alitoa hoja kwamba kifo katika riwaya hizi hakina uzito kwa sababu kufyatua ni kubonyeza tu. Nilimwuliza kama hayo ni maoni ya riwaya au ni yake mwenyewe. Alijibu kwamba ni ukweli wa mambo, na darasa zima likaafiki. Hapakuwa na hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, aliyewahi kuishika bastola. Sote tulikuwa tumefundishwa na vitabu, na vitabu vilikuwa vimetudanganya kwa namna moja.

Tukiitazama historia fupi ya utanzu wenyewe, twaona kwamba haukuanza hivyo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huvuta kiko chake na kufikiri. Silaha yake ni hoja, na hoja hiyo hatimaye hufunuliwa mbele yetu, hata msomaji akatoka na ujuzi fulani wa kupambanua mambo. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyezuka katika Kufa na Kupona (1974), ni kiumbe wa aina nyingine. Ni jasusi wa dola huru, kijana wa mjini, na anatujia akiwa amekwisha hitimu. Shabaha yake ni sifa aliyopewa pamoja na urefu wake na nguo zake nzuri. Hatuoni jasho lililoilipia. Joram Kiango wa Ben Mtobwa naye, ingawa amechorwa kwa ucheshi na utata mwingi zaidi, hakupitishwa mbele yetu katika unagenzi wa aina hiyo. Msomaji wa Bwana Msa alionyeshwa jinsi akili inavyofanya kazi. Msomaji wa majasusi hawa anaonyeshwa matokeo tu.

Wenye kutafuta sababu ya jambo hili katika uigaji wa filamu na vitabu vya kigeni hawakosei, lakini tungependa kuongeza sababu iliyomo katika sarufi yenyewe ya usimulizi wetu. Kiambishi cha -ka- ni mtumishi hodari kupita kiasi. Akachomoa, akalenga, akafyatua, adui akaanguka: vitendo vinne vimepangwa kama shanga za ukubwa mmoja, na kila kimoja kimekwisha kabla msomaji hajauliza kilichukua muda gani. Katika ngano -ka- hubeba mwendo wa safari na miaka, na hapo hapana hasara. Mbele ya bastola, -ka- huufuta mwili. Humeza pumzi, kidole, kiganja chenye unyevu, na ile nusu ya nukta ambamo mtu bado anaweza kuacha.

Msomaji aniwie radhi sasa nikileta habari zangu binafsi katika jarida la kitaaluma. Baada ya semina ile nilimwomba shemeji yangu, ambaye anamiliki silaha kwa kibali, anipeleke katika uwanja wa shabaha anakofanyia mazoezi. Mkufunzi wa hapo alikuwa mzee aliyestaafu jeshini. Mimi nilimwita Afande, naye akaniita Mwalimu. Kabla ya kunikabidhi chochote alinikaririsha masharti manne kama mtoto wa chuoni: kila bastola ina risasi, hata uliyoikagua mwenyewe, usiuelekeze mtutu mahali usipotaka kupaharibu, kidole kisiguse kifyatuo mpaka macho yameafikiana na shabaha, na ujue kilichoko nyuma ya shabaha hiyo. Kisha akanipa bastola ya aina ya zamani, yenye gurudumu la matundu sita. Ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani, na baridi. Karatasi ya shabaha ilikuwa umbali wa mita saba, yaani upana wa chumba cha semina.

Katika risasi sita za kwanza, mbili tu ziligusa karatasi, zote chini upande wa kushoto. Nilidhani macho yangu yana hitilafu. Afande hakusema kitu. Alichukua bastola, akanipa kisogo, akaijaza, akanirudishia. Nililenga, nikavuta kifyatuo polepole kama nilivyoelekezwa, na badala ya mlio nikasikia mgongo mkavu wa chuma. Tundu lile lilikuwa na ganda tupu. Hata hivyo mtutu ulikuwa umezama chini kama kichwa cha mtu anayesinzia.

“Umeona, Mwalimu?” akasema. “Bastola haijafanya kitu. Ni wewe.”

Alikuwa amechanganya risasi hai na maganda bila mimi kujua yapi yako wapi. Mbinu hiyo, nilikuja kufahamu, ni ya zamani na hutumiwa kwa wanagenzi wengi. Mwili wa mtu asiyezoea hukisia mlio na mruko wa silaha kabla haujatokea, kisha huusukuma mtutu chini ili kuuzuia, na kwa anayetumia mkono wa kulia risasi huishia chini kushoto. Akili yangu ilikuwa imetulia, au nilidhani hivyo. Mkono ulikuwa na maoni yake. Nikajaribu kujiambia kwamba hii ni karatasi tu, ila nikatambua kwamba sikuwa nikiogopa kudhurika. Nilichokuwa nikikiogopa ni tendo ambalo mkono wangu mwenyewe ulikuwa karibu kulifanya, na ambalo likishatendeka halirudi.

Basi si kweli kwamba kufyatua ni kubonyeza tu. Viktor Shklovsky, katika insha yake ya 1917 kuhusu sanaa kama mbinu, alidai kwamba mazoea huumeza ulimwengu wetu, na kwamba kazi ya sanaa ni kukifanya kitu kilichozoeleka kiwe kigeni tena ili kihisiwe. Mwanagenzi ndiye mtu ambaye kwake kitu hakijazoeleka. Mwandishi anayemruka mwanagenzi na kuanza na fundi amejinyima mtazamo ulio tayari wenye ugeni huo, halafu analazimika kuutafuta mshangao kwa kuzidisha idadi ya maiti.

Hapa kuna wenzetu watakaosema kwamba tunadai uhalisia wa kigeni kutoka kwa fasihi yenye jadi yake. Jibu letu ni kwamba jadi yenyewe inatuunga mkono. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, mwana wa Liyongo anatumwa amwue baba yake kwa sindano ya shaba, silaha ya pekee iwezayo kumdhuru, na mahali pekee panapofaa ni kitovu. Mtunzi angeweza kulimaliza jambo hili kwa beti mbili. Hakufanya hivyo. Kijana anamwendea baba aliyelala, baba anagutuka, hofu inamwingia kijana, anarudi nyuma. Tendo linakusudiwa na kushindikana, tena na tena, hata waliomtuma wakaanza kuona anachelewa. Tunapoifundisha sehemu hii twapenda kuzungumzia usaliti na tamaa. Ni mara chache tunapoutazama mkono wenye sindano. Lakini ni mkono huo unaoufanya usaliti usadikike, kwa sababu kila kurudi nyuma ni nafasi ya kuacha, na kijana anaipoteza kila moja kwa hiari yake. Aliyemwua Liyongo hakuwa jabari. Alikuwa mwanagenzi mwenye woga, na utenzi ulijua kwamba jambo hilo lahuzunisha zaidi.

Tunaposonga mbele hadi vita vya ukombozi vya Kenya, suala linakuwa gumu zaidi, kwa kuwa hapo bastola inabeba heshima. Tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo ya 1976, inayosomwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi, inaificha silaha ndani ya mkate. Ni taswira yenye nguvu, na wanafunzi huikumbuka wakiwa wamesahau kila kitu kingine: kile kinacholisha na kile kinachoua vimo katika kanga moja la unga. Mkate huo unapitia mikononi mwa kijana wa mitaani aliyekuwa akigombania vijisenti. Tamthilia inamfundisha mengi njiani, ila mafunzo yote ni ya dhamiri. Mwishoni yeye na msichana mwenzake wanaingia mahakamani na silaha, mlio unasikika, jukwaa linaingia giza. Kwa muda mrefu nimelisifu giza hilo darasani, nalo lastahili sifa. Siku hizi, hata hivyo, naona pia kwamba linawaokoa watunzi na swali. Kijana yule hajawahi kuipiga silaha hiyo. Umbali wa mita saba ungetosha kabisa kumfanya akose, na chumba kimejaa watu. Kama tungeruhusiwa kuiona hatari hiyo, ujasiri wake ungekuwa mkubwa zaidi machoni petu, kwani angekuwa anathubutu bila dhamana ya ufundi.

Historia yenyewe haikuwa na giza la namna hiyo. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, akashtakiwa Nyeri kwa kupatikana na bastola ya kipimo cha .38 na risasi sita, akahukumiwa mwezi Novemba na kunyongwa tarehe 18 Februari 1957. Risasi sita, idadi ile ile inayojaza gurudumu la bastola niliyopewa na Afande. Chini ya sheria za hali ya hatari hapakuhitajika ushahidi kwamba zilimpata mtu. Kuwa nazo kulitosha kumnyonga. Wapiganaji wengine msituni hawakuwa hata na bastola ya kiwandani. Walijifulia bunduki kwa mabomba ya maji, komeo la mlango likiwa nyundo na mpira wa tyubu ukiwa springi, na si mara moja silaha hiyo ilimpasukia aliyeishika. Kijana aliyeikamata bunduki ya bomba kwa mara ya kwanza alikuwa na sababu ya kutetemeka ambayo mimi, nikiwa nimezibwa masikio na kusimamiwa na Afande, sikuwa nayo. Riwaya yake bado twaingoja.

Wala haifai kudai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kazi hiyo. Katika kikosi cha King's African Rifles, kilichoundwa 1902, Kiswahili ndicho kilichotumika kuwafunza askari waliotoka makabila mbalimbali, kwata na kulenga shabaha vikiwemo. Waruhiu Itote, aliyekuja kujulikana kama Jenerali China, alipitia kikosi hicho na kupigana Burma kabla ya kuingia msituni. Maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki walisikia kwa Kiswahili namna ya kushika pumzi na kukaza kiganja. Neno shabaha lenyewe limeganda katika methali na mashairi yetu kwa maana ya lengo la maisha, tukasahau kwamba kuna mtu aliyewahi kusimama mbele yake magoti yakimgonga. Msamiati upo. Kilichokosekana ni mwandishi aliyeona kwamba hapo pana hadithi.

Pingamizi moja tumelisikia mara mbili, na ni zito. Je, riwaya itakayoeleza kwa makini namna ya kushika na kulenga haitakuwa darasa la uhalifu kwa vijana? Katika nchi ambamo bastola haramu zinazagaa mijini, hatuwezi kulipuuza. Lakini tunadhani wenye pingamizi wameukamata mkuki kwa ncha. Mwanafunzi wangu hakuipata fikra ya kubonyeza tu kutoka katika maelezo ya makini. Aliipata palipokosekana maelezo. Aliyemsoma mtu akishindwa mara sita, akiona haya, akiusikia mkono wake ukimwasi, hana haraka ya kusema kwamba jambo ni rahisi. Kuhusu pingamizi la pili, kwamba mafunzo huua taharuki, tunawaelekeza wasemao hivyo kwa mwana wa Liyongo. Hakuna kipengele cha utenzi ule chenye taharuki kuipita ile.

Mwanafunzi yule naye ameanza kuandika hadithi fupi kuhusu kuruta wa polisi katika wiki yake ya kwanza uwanjani. Nimeisoma rasimu. Katika ukurasa wa pili kuna “akafyatua” moja, imekaa peke yake baada ya nukta. Nimeipigia mstari, na pembeni nimeandika: anapumua vipi, na amekiweka wapi kidole?