Kuondoka si dawa: Julia Roberts, Aïssatou na miezi isiyoonyeshwa



Mwezi uliopita mudogo wetu mumoja wa agro, ambaye anabakiza tu memware ili amalize lisansi, alinipatia fulashi yenye filamu ndani, na maneno machache: « Dada, angalia hii mpaka mwisho. Njo vile na mi nitafanya. » Muchumba wake wa miaka mine alimuacha, wakati familia zote mbili zilikuwa zimeisha kukaa na kuongea juu ya mahari. Sasa anataka kwenda Nairobi, peke yake, kule hajui mutu. Nilimuuliza: juu ya nini Nairobi? Akanijibu: « Juu Nairobi hakuna mutu ataniuliza harusi ni lini. »

Sikucheka. Mu 2022 na mi nilisema karibu maneno yale yale, kiisha nikapanda basi. Kwa hiyo niliangalia filamu yake mpaka mwisho, halafu nikatafuta kitabu kimoja ambacho wengi wetu tulisomeshwa ku sekondari, nikakisoma upya. Haya ni majibu yangu kwake. Ameniruhusu niyaandike hapa, mradi jina lake lisitoke.

Filamu ni « Mange, prie, aime », ya 2010, iliyoongozwa na Ryan Murphy. Julia Roberts anacheza Liz. Imetoka katika kitabu cha Elizabeth Gilbert cha 2006, ambamo anaeleza maisha yake mwenyewe. Mwanamuke wa New York anavunja ndoa, anaingia mu mapenzi mengine ambayo nayo yanakufa, kiisha anaondoka peke yake kwa mwaka mumoja. Italia anakula. Uhindi anasali. Bali, kule Indonesia, anatafuta ginsi ya kuweka hayo mawili sawa, na huko njo anakutana na mwanaume mupya, Mubrezili anayeitwa Felipe.

Nianze na uzuri wake, juu upo. Liz hafukuzwi na hapigwi. Anaondoka kwa sababu anajisikia anakufa polepole mu nyumba ambayo watu wengine wanaona ni nzuri. Kwetu, ukiacha bwana, swali la kwanza ni: alikupiga? Ukisema hapana, wanakuambia rudi. Filamu inasubutu kusema kama mutu anaweza kuteseka bila alama ku ngozi. Nilipenda pia pale Liz, kiisha kula pizza ya Napoli bila kuhesabu, anaenda kununua suruali kubwa zaidi na anacheka. Mwanamuke aliyeachika kwetu anaonywa asinenepe, asikonde, asicheke sana. Ule kicheko kina faida yake.

Lakini barabara ya Liz haina bariere hata moja. Sikumbuki kumuona akipanga mustari mbele ya ambasade, wala akihesabu pesa ya nyumba mwisho wa mwezi. Mu kitabu, Gilbert mwenyewe anasema wazi kama nyumba ya uchapishaji ilimulipa mbele, ili afanye safari na aandike. Yaani ile safari ilikuwa kazi, na kazi ililipwa kabla haijaanza. Mu filamu tunabaki tu na mwanamuke, valizi na jua. Siye tunatoka mu inchi ambayo kwa miaka mingi pasipoti peke yake ilikuwa inauzwa dola 185. Na tangu mwanzo wa 2025, wengi wetu tumevuka mipaka bila kuchagua, na matandiko ku kichwa. Mutu wa hapa akisikia « kuanza upya inchi ya kigeni », hafikirie kwanza pizza.

Kuna kasoro nyingine inayonisumbua zaidi. Maumivu ya Liz yanatoka kwa kalendari: miezi mine hapa, miezi mine pale, miezi mine kule. Kila inchi inamungojea na dawa yake ku mukono. Waitalia wako pale ili wamufundishe kufurahi, Wahindi ili wamufundishe kunyamaza, Wabali ili wamufundishe kutabasamu. Na mwisho wa yote, dawa ya mwanaume aliyepotea ni mwanaume mwingine, mahali penye joto zaidi. Gilbert na yule bwana aliyempata safarini waliachana mu 2016. Sisemi hii kwa kumucheka. Nasema tu kama mahali hapawezi kushika moyo milele, hata pawe pazuri namna gani.

Sasa kitabu. « Une si longue lettre » ya Mariama Bâ ilitoka Dakar mu 1979. Wengi tunakumbuka Ramatoulaye, mujane anayemuandikia rafiki yake barua ndefu wakati amefungwa nyumbani kwa siku za kilio, miezi mine na siku kumi. Ku sekondari mwalimu alituuliza kila mara juu ya Ramatoulaye: watoto wake 12, bwana wake Modou aliyeoa rafiki ya binti yao, uvumilivu wake. Rafiki anayeandikiwa, Aïssatou, alibaki kama jina ku bahasha. Lakini njo yeye alifanya ile ambayo mudogo wetu anataka kufanya.

Aïssatou ni mutoto wa fundi wa dhahabu, na mwalimu kama rafiki yake. Aliolewa na daktari Mawdo, wa familia ya heshima. Mama wa Mawdo hakukubali kamwe. Alilea binti ya kaka yake, akamusomesha, kiisha akamupatia mutoto wake kama bibi wa pili. Mawdo alisema ni kwa ajili ya mama, moyo wake ungali kwa Aïssatou. Aïssatou alikataa kugawanya mutu vipande viwili, huyu wa moyo na huyu wa kitanda. Alimuachia barua, akaondoka na watoto wake wanne.

Sasa mudogo wangu, soma vizuri. Hatua yake ya kwanza haikuwa ndege. Alipanga nyumba mu muji ule ule, mahali watu walimujua na waliendelea kumuongelea. Pale njo alifungua vitabu. Alisoma, akapanda kidogo kidogo, mpaka akafika ku masomo ya ukalimani kule Ufaransa. Na kutoka pale akapewa kazi ku ambasade ya Senegal, Marekani. Ugenini kunakuja mwisho wa barabara ndefu. Wakati Aïssatou anavuka bahari, hakimbii tena Mawdo, anaenda ku kazi yake. Hapo njo naona tofauti kubwa na Liz: mumoja anaondoka ili apone, mwingine anaondoka juu ameisha kujenga kitu kinachomuita.

Lakini nisimusifu Mariama Bâ bila kumuuliza. Ile miaka ya Ufaransa, kitabu kinaipitisha mu mistari michache tu. Nani alibaki na watoto wanne wakati mama yuko darasani? Walikula nini tarehe 25 ya mwezi? Baridi ya kwanza ilimukuta na koti gani? Alilia mara ngapi? Hatujui. Wakati nilikuwa na miaka 17 sikuona hii shimo. Safari hii niliiona, na mwanzoni nilikasirika: basi hata wewe, mama, unatuficha?

Kiisha nilielewa. Barua inaandikwa na yule aliyebaki. Na yule aliyebaki anajua tu kile ambacho aliyeondoka alikubali kumuambia. Siye tunaoondoka, tunatuma picha mbele ya jengo refu. Hatutumi picha ya chumba. Ramatoulaye anajua diplome na kazi nzuri ya rafiki yake, juu hizo njo habari zinazosafiri. Filamu inaficha miezi ya katikati kwa kuipaka sosi ya nyanya. Kitabu kinaificha kwa kunyamaza, na ule unyamavu ni wa kweli, ni wetu kabisa. Lakini kwa mutu anayefunga valizi, matokeo ni yale yale: haoni katikati.

Basi niseme ya kwangu, angalau kidogo.

Nilivuka Ruzizi asubui sana, nikapita Kigali, Gatuna, Kabale, Mbarara, nikafika Kampala usiku. Nilikaa Katwe, chumba kimoja na Wakongomani wawili wasichana. Mama nilimuambia nimepata kazi ku projet ya kilimo. Ukweli, nilikuwa nabeba vitenge ku bega kwa ajili ya mama mumoja wa kwetu, naingia saluni na maofisi, nalipwa kwa kila kitenge kilichouzwa. Nilikuwa nimeondoka bila karatasi zangu za masomo, juu nilibakiza deni la franga za mwisho, na juu ku sekretaria wangeniuliza habari za harusi. Mahali pawili walitaka kunipatia kazi ya mbegu. Waliomba karatasi. Sikuwa nayo.

Mwezi wa kwanza nilifurahi. Hakuna anayekujua, hakuna anayekuuliza. Mwezi wa tatu nilielewa kama hakuna anayekuuliza hata ukiumwa. Siku moja ku soko ya Owino nilisikia mwanamuke anaongea Mashi mu telefone, nikasimama pale na vitenge vyangu nikalia kama mutoto. Na yule mwanaume? Nilikuwa nimemubeba tangu Bukavu. Kila mangaribi nilimukuta mu telefone, palepale nilipomuacha. Inchi mbili zilipita katikati yetu na hazikufuta kitu.

Mu mwezi wa tano, tantini yangu aliniita. Wengine wote walikuwa wananiuliza kazi inaendaje. Yeye aliuliza: « Mama, unakula? » Nilikaa kimya mpaka akafikiri laini imekatika. Kiisha nilimuambia yote. Hakunitumia pesa ya kurudi. Alilipa deni langu ku masomo kwa franga za likelemba yake, akaenda mwenyewe ku sekretaria kutafuta karatasi zangu, akanitumia na dereva wa basi. Kiisha hapo nilipata kazi ya musimu mumoja ku pepinieri ya mboga, nje ya muji. Nilirudi Bukavu mu mwezi wa tisa. Sikurudi kwa sababu nilishindwa, wala kwa sababu nilipona. Nilirudi juu niliweza sasa kuchagua.

Siye wa agro tunajua ile jambo. Muche wa shou ukiutoa pepinieri na kuupanda shambani, siku za kwanza unalegea, majani yanainama, unaonekana kama unakufa. Juu hauongezeke kitu, chini unatafuta kufanya mizizi mipya. Mulimaji mujinga anaukokota kila asubui ili aangalie kama umeshika. Na tunajua tena kama kazi kubwa inafanyika mbele ya kuhamisha: unapunguza kivuli kidogo kidogo, unapunguza maji, unauzoesha jua. Muche uliotolewa ku kivuli na kutupwa saa sita mu shamba, usiulaumu udongo.

Aïssatou alizoea jua mu nyumba yake ya kupanga, Dakar, mbele ya watu wote. Mi niliruka ile hatua. Liz hakuihitaji, au filamu haikutaka tuione.

Na tusimusahau Ramatoulaye, juu mudogo wetu anaongea kama vile anayebaki ameshindwa. Modou alimuacha bila neno, na alibaki ku ile nyumba na watoto. Akajifunza kuendesha gari, Fiat 125 ambayo Aïssatou alimununulia. Kiisha kifo cha Modou, alikataa kurithiwa na shemeji, akamukataa hata mwanaume mwema aliyemupenda tangu zamani, juu hakumupenda. Yeye pia alianza upya, bila pasipoti. Kwangu ile gari njo kitu kizuri kuliko vyote mu kitabu. Mumoja aliondoka, mumoja alibaki, na hawakuachana. Mu filamu, marafiki wa New York wanabaki nyuma kama nguo za baridi.

Kwa hiyo mudogo wangu, sikukatazi Nairobi. Nani mi nikukataze? Lakini data zako za maharagwe ziko tayari na sura ya tatu ya memware haijaanza. Andika ile sura. Ndiyo, ukipita ku fakilite watakuuliza harusi ni lini. Wajibu kama haiko tena. Mara ya kwanza sauti itatetemeka, mara ya kumi utaona wao njo wanageuza maneno. Lipa deni, chukua karatasi zako na uzibebe wewe mwenyewe. Mutafute mutu mumoja hapa ambaye utamuambia ukweli kila juma, si picha. Kiisha panda basi kama bado unataka, na utaona kama bado ni yeye unamukimbia, ao ni kitu unakifuata.

Na kama utaenda bila kumaliza, sitakufunga kamba. Enda na namba yangu. Nitakuita, na kwanza nitakuuliza kama umekula. Mengine tutaongea baadaye.